Likizo ya Juni Marseille na watoto: viza, mtaa, fukwe na upepo

Swali: Tunaishi Dar es Salaam, mimi, mume wangu na watoto wawili wa miaka 11 na 6. Mwakani likizo ya Juni tunataka kwenda Marseille, Ufaransa, siku kumi. Mume ana binamu zake wa Kingazija huko. Watoto wanapenda bahari lakini baba yao haogelei. Tuanze maandalizi lini, tukae mtaa gani, tutenge kiasi gani, na ni kweli mji wenyewe ni wa hatari?

Jibu: Dada, nianze na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafika. Marseille haipangiwi tarehe, inapangiwa upepo. Watu huketi nyumbani wakaandika Jumatatu boti, Jumanne visiwani, Jumatano miguu kwenye vilima vya Calanques. Jumatatu ikifika upepo wa mistral unavuma, boti zimefungwa gatini, na maji ambayo juzi yalikuwa nyuzi 21 leo ni 16. Kwa hiyo funga mapema vitu vitatu tu: viza, tiketi na malazi. Mengine yaache wazi, myaamue jioni kwa ajili ya kesho yake.

Mistral ni upepo mkavu unaotoka kaskazini-magharibi, unashuka na bonde la mto Rhône hadi baharini. Huvuma siku moja, mara nyingine tatu au zaidi. Unaposukuma maji ya juu yaliyopata jua kwenda bahari kuu, maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana siku hiyo utaona anga safi kabisa na jua kali, lakini ukitia mguu majini unautoa. Bahari yetu ya Dar hata wakati wa kusi haishuki sana chini ya nyuzi 25. Mtoto aliyezoea Kigamboni akiingizwa kwenye nyuzi 16, midomo itatetemeka kabla hujamaliza kutandika taulo. Na upepo ukishatulia, maji hayapati joto siku hiyohiyo. Huchukua siku kadhaa.

Kwa Juni mmechagua vizuri, hasa nusu ya pili ya mwezi. Shule za Ufaransa hufungwa mwanzoni mwa Julai, na kuanzia hapo hadi katikati ya Agosti bei za malazi hupanda na fukwe hujaa hadi pa kuweka mkeka panakosekana. Juni maji yana ubaridi kidogo, wastani wa nyuzi 19 hadi 21, lakini mnapata nafasi. Nunueni Dar, au mkifika kwenye duka la michezo kama Decathlon, zile nguo fupi za mpira za kuogelea kwa watoto. Kwa euro 20 hadi 30 kila moja, mtoto anaogelea saa nzima badala ya dakika kumi.

Jueni pia kwamba mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa 3:20 usiku. Kama mnaswali, Magharibi ndiyo hiyo, na Isha inakaribia au kupita saa 5 usiku. Wengi husahau jambo hili wakapanga safari ya saa 1 asubuhi, kisha familia nzima inalala kwa muda wa saa nne tu.

Viza

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Mnaomba viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kwa kuwa siku zenu nyingi ziko Ufaransa, mnaomba Ufaransa hata kama ndege inatua kwanza Amsterdam. Fomu hujazwa kwenye tovuti rasmi ya France-Visas, nayo ndiyo itakayowaelekeza mpeleke wapi makaratasi na alama za vidole. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila unaweza kufika 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Kwa safari ya Juni, tafuteni miadi mwezi wa Februari au Machi. Aprili na Mei kila anayekwenda Ulaya yuko kwenye foleni hiyohiyo.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajatimiza 12. Nyinyi wanne ni euro 270, na kituo cha kupokea maombi huongeza ada yake ya huduma kwa kila mtu. Huyo wa miaka 11 mwangalieni tarehe ya kuzaliwa: akishatimiza 12 analipa kama mtu mzima na anatoa alama za vidole.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku mtakayoondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari igharamie matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiasi kisichopungua euro 30,000, nchi zote za Schengen, siku zote za safari. Kuna watu hukatiwa bima ya siku kumi kumbe wakihesabu siku ya kuingia na ya kutoka ni kumi na moja. Maombi yanakwama kwa siku moja hiyo.

Kuhusu fedha, Ufaransa inataka uoneshe euro 65 kwa siku kwa mtu mwenye uthibitisho wa hoteli, euro 120 kwa asiye nao, na euro 32.50 kwa anayefikia kwa mwenyeji. Watu wanne, siku kumi, wenye hoteli: hesabu euro 2,600. Afisa hatazami tu salio la mwisho. Anasoma taarifa ya benki ya miezi mitatu ili aone fedha inaingiaje na inatokaje. Akaunti iliyokaa na laki mbili miezi miwili kisha ikaingizwa milioni kumi wiki moja kabla ya miadi inazua maswali kuliko akaunti yenye milioni sita zilizojikusanya polepole. Kama kweli mmeuza kiwanja au mmepokea kiinua mgongo, ambatanisheni karatasi ya mauzo. Mwajiriwa alete barua ya kazi inayotaja mshahara na likizo iliyoidhinishwa. Mwenye biashara alete leseni, cheti cha BRELA na TIN. Watoto: vyeti vya kuzaliwa, na barua za shule zinazoonesha muhula unafunguliwa lini. Barua ya shule watu huidharau, na ni moja ya ushahidi mzuri kwamba mtarudi.

Sasa, hao binamu. Mkifikia kwao, mwenyeji anatakiwa aende ofisi ya mji ya eneo lake akaombe hati ya kumpokea mgeni, iitwayo attestation d'accueil. Atalipa stempu ya euro 30, ataonesha kitambulisho au kibali chake cha ukaazi, mkataba wa nyumba na mapato, na ofisi itaangalia kama nyumba inawatosha watu wote. Mnahitaji hati yenyewe halisi, siyo picha ya WhatsApp, kwa hiyo hesabuni pia muda wa kuituma. Ianze miezi mitatu kabla ya miadi yenu. Lakini kama nyumba yao ni ya vyumba viwili na wana watoto wao, maombi yanaweza kukataliwa, na hata yakikubaliwa mtabanana. Ushauri wangu ni mkodi kwenu, muende kwao kula na kupiga soga. Kwenda kutembelea mchana hakuhitaji hati yoyote.

Msifanye ule ujanja wa kuweka nafasi ya hoteli kwa ajili ya viza kisha kuifuta na kuhamia kwa ndugu. Askari wa mpakani ana haki ya kuuliza mnalala wapi na kutaka karatasi, na watoto huwa wakweli kuliko wazazi.

Njia ya kufika

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar. Njia rahisi kwa familia ni kupitia Istanbul, kwa sababu mnashuka Marseille kwenyewe na ukaguzi wa Schengen mnaufanyia hapohapo, mkiwa mmefika. Ukipitia Amsterdam au Paris, ukaguzi unafanyika huko, katikati ya safari. Siku hizi mpakani kuna mfumo mpya wa kusajili wageni, unaoitwa EES: mwenye viza mara ya kwanza anapigwa picha, na mtu mzima hukaguliwa kwa alama za vidole alizotoa wakati wa kuomba viza, watoto chini ya miaka 12 picha tu. Foleni zimeongezeka. Muunganiko wa saa moja na nusu unaouzwa kwenye mtandao kama "halali" ni wa kukimbia na mtoto mgongoni. Tafuteni saa tatu. London msipite bila kuangalia kwanza, maana mwenye pasipoti ya Tanzania kwa kawaida anatakiwa viza ya kupita hata asipotoka uwanjani.

Mkipata tiketi nzuri ya Paris, uwanja wa Charles de Gaulle una stesheni ya treni ndani ya Terminal 2, na zipo treni za kasi za TGV zinazokwenda Marseille moja kwa moja, kama saa nne hivi. Tiketi za TGV hupanda bei kadiri siku zinavyokaribia, hivyo zinunueni mara tu viza zikitoka.

Uwanja wa Marseille uko Marignane, nje ya mji. Basi la uwanja hadi stesheni ya Saint-Charles ni karibu nusu saa na kama euro 10 kwa mtu mzima. Mkifika usiku na mizigo, chukueni taksi rasmi kwenye foleni yake. Wanaokuja kukushika mkono ndani ya ukumbi wakisema "taxi, taxi" wapite.

Mtaa wa kukaa, na habari za usalama

Marseille imegawanywa wilaya 16, na namba ya wilaya iko mwisho wa msimbo wa posta: 13001 ni wilaya ya 1, 13007 ni ya 7. Wenye nyumba wa mtandaoni wanapenda kuandika "katikati ya mji", "dakika chache toka bandarini". Usisome maneno, soma msimbo. Kwa familia, zitafuteni 13006, 13007 na 13008, au 13001 upande wa kusini wa Bandari ya Zamani, Vieux-Port. Ya 7 iko karibu na fukwe za Catalans na Prophète. Ya 8 ni tulivu na ina bustani ya Borély na fukwe za Prado, ila ni mbali kidogo na katikati. Ya 6, kuzunguka Castellane, ina njia zote mbili za metro na bei ya wastani. Mimi kwa watoto wa umri huo ningechagua ya 7.

Nyumba za bei ya kutupa zitakuwa nyuma ya stesheni ya Saint-Charles, Belle de Mai (13003), au wilaya za 13 hadi 16. Hapa ndipo penye jibu la swali lako. Mauaji ya magenge ya dawa za kulevya yanayosikika kwenye habari hutokea zaidi kwenye maghorofa fulani ya kaskazini, ambako mgeni hana cha kufuata. Tishio kwa mgeni ni wizi: simu iliyoachwa juu ya meza ya mgahawa, pochi ya mfuko wa nyuma kwenye metro, cheni shingoni. Aliyezoea Kariakoo anajua la kufanya. Begi mbele, simu mfukoni, pasipoti ibaki nyumbani na nakala yake itembee. Noailles ni soko zuri mchana. Usiku wa manane hakuna sababu ya kuwa pale na watoto, wala kuzunguka Saint-Charles kwa miguu. Na gari la kukodi sikushaurini kabisa. Maegesho ni taabu, na magari yaliyoegeshwa karibu na fukwe na njia za vilima ndiyo yanayovunjwa vioo, hasa yenye begi linaloonekana.

Kabla ya kulipia nyumba ulizeni mambo matatu: kuna lifti, kuna kiyoyozi, na chumba cha kulala kinatazama wapi. Nyumba nyingi za zamani ni ghorofa ya tatu au ya nne kwa ngazi nyembamba za mviringo, na dirisha linalotazama barabara yenye baa halina usingizi hadi saa nane.

Fukwe, kwa familia yenye baba asiyeogelea

Jambo la kwanza la kusahau ni maji kupwa na kujaa. Kwetu bahari wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mtu hupanga siku yake kwa hilo. Mediterania ya Marseille hupanda na kushuka sentimita chache tu. Mahali penye kina asubuhi pana kina jioni, hakuna kusubiri maji yatoke ili watoto wacheze. Kwa hiyo ni umbo la ufukwe wenyewe linaloamua.

Prophète, kwenye barabara ya pwani ya Corniche, ndio ufukwe wenu. Ni wa mchanga, umekingwa, na maji yanabaki ya kiunoni kwa umbali mzuri, kwa hiyo baba anaweza kusimama na watoto bila wasiwasi. Basi namba 83 kutoka Vieux-Port linashusha juu ya ngazi zake. Udogo ndio kasoro yake. Nendeni kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mkumbuke saa 11 jioni ya Juni pale bado kuna jua la zaidi ya saa nne.

Catalans ni mchanga pia, unafikika kwa miguu kutoka bandarini, lakini hujaa vijana na mipira. Fukwe za Prado ni kubwa, zina nyasi za kukaa, vyoo, na sehemu za michezo. Zilitengenezwa miaka ya 1970 kwa kifusi kilichochimbwa kwenye ujenzi wa metro, na ndiyo maana nyingi ni za changarawe. Changarawe ina tatizo lake: mteremko ni wa ghafla, hatua tatu maji magotini, ya nne kifuani, na mawe yanateleza chini ya nyayo. Baba asiingie pale akimshika mtoto mkono. Viatu vya plastiki vya majini ni lazima kwa wote wanne. Vitawafaa pia kwenye miamba yenye wale viumbe wa miiba wanaochoma nyayo. Pointe Rouge, mwisho wa mfululizo huo, ni ya mchanga na maji madogo, ila upepo hauna huruma nayo.

Waokoaji huwepo kipindi cha kiangazi, nao hupandisha bendera. Kijani ni salama, njano ni kwa tahadhari, nyekundu hairuhusiwi kuogelea. Ya zambarau ndiyo wageni wasiyoijua: maji yamechafuka. Hii hutokea zaidi baada ya mvua kubwa, kwa sababu kijito cha Huveaune, ambacho siku za kawaida maji yake hugeuzwa kwingine, hufurika na kumwagia uchafu wa barabara za mji mzima karibu na Prado. Ikinyesha usiku, hata kesho yake jua likiwaka, angalieni bendera kwanza. Mara chache yavuyavu wadogo wa rangi ya waridi huletwa na upepo wa baharini. Wanawasha vibaya. Osheni kwa maji ya bahari, siyo ya bomba, na msisugue.

Suala la mavazi, kwa kuwa huulizwa sana. Kwenye fukwe za wazi za Marseille, vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa huvaliwa, na mwaka 2016 mahakama kuu ya utawala ya Ufaransa ilisimamisha marufuku ya aina hiyo iliyowekwa na mji mmoja wa pwani. Mabwawa ya kuogelea ya umma ni habari nyingine: kanuni nyingi haziruhusu, na wakati mwingine hata kaptula ya mwanamume hukataliwa, wanataka ile ya kubana. Nikabu mahali pa umma imekatazwa kwa sheria ya mwaka 2010, faini hadi euro 150. Hijabu ya kawaida mtaani haina tatizo.

Calanques na visiwa

Calanques ni ghuba nyembamba zilizobanwa na majabali meupe ya chokaa, kusini mwa mji, na tangu 2012 ni hifadhi ya taifa. Kila mtu atawaambia muende. Kwa mtoto wa miaka 6, mwezi wa Juni, kwa miguu? Sikushauri. Sugiton, iliyo maarufu, ni kama saa moja kutoka mwisho wa basi la Luminy, njia ya mawe isiyo na kivuli wala bomba la maji. Kurudi ni kupanda, na jua likiwa utosini. Siku za msimu wa watu wengi lazima uwe umeweka nafasi mtandaoni. Ni bure, lakini nafasi ni 400 tu kwa siku na hufunguliwa siku chache kabla. Ukikutwa bila, faini ni euro 68. Kabla ya utaratibu huo walikuwa wakifika hadi watu 2,500 kwa siku na udongo ulikuwa unateremka baharini pamoja na mizizi ya misonobari.

Isitoshe, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 30 mamlaka hutoa kila jioni ramani ya hatari ya moto ya kesho yake, na penye rangi nyekundu hakuna kuingia. Hilo si la kubishana nalo. Julai 8, 2025 moto ulioanzia Les Pennes-Mirabeau uliingia hadi wilaya ya 16, na uwanja wa ndege ukasimamisha safari.

Zioneni Calanques kwa boti. Kutoka Vieux-Port kuna ziara za saa mbili hadi tatu na zaidi, takriban euro 25 hadi 35 kwa mtu mzima. Kaeni nyuma, katikati. Mbele ndiko maji yanakorukia na ndiko watoto wanakotapika. Njia ya bei nafuu ni boti za usafiri wa umma zinazotoka Vieux-Port kwenda Pointe Rouge, na nyingine kutoka Pointe Rouge kwenda kijiji cha wavuvi cha Les Goudes, karibu euro 5 kwa safari. Hamtaingia ndani ya ghuba, lakini mtaiona pwani yote kwa bei ya soda mbili za mgahawani.

Siku ya visiwa vya Frioul ndiyo bora kwa familia yenu. Boti huchukua kama nusu saa. Kutoka gati la Frioul, mwendo wa dakika 20 hivi unawafikisha ghuba ya Saint-Estève, yenye maji tulivu na ya kina kidogo. Bebeni maji lita moja na nusu kwa kila mtu, chakula na mwavuli, maana kivuli hakuna. Juni shakwe bado wana makinda. Mtoto akitoka nje ya njia kusogelea kiota, mama yao anashuka moja kwa moja kichwani. Na mkate mkononi hauna mwenyewe. Tiketi ya pamoja hupitia kisiwa cha If chenye ngome iliyokuwa gereza, lakini mawimbi yakiwa makubwa boti haitii nanga If, inapitiliza. Ulizeni dirishani kabla ya kulipa.

Utabiri wa upepo uangalieni kila jioni kwenye Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Ukisoma kilomita 50 kwa saa au zaidi, ondoa boti akilini, hamia ndani. Siku hizo ndizo za MuCEM, jumba la makumbusho la mwaka 2013 mlangoni mwa bandari (Jumanne hufungwa). Daraja lake la juu na bustani za Fort Saint-Jean ni bure, watoto watalipenda daraja kuliko maonesho. Karibu yake kuna Cosquer, mfano wa pango lenye michoro ya kale ambalo mlango wake halisi uko mita 37 chini ya bahari. Huyo wa miaka 11 hatalisahau, na tiketi wekeni mapema maana siku ya upepo kila familia imepata wazo hilohilo. Kanisa la Notre-Dame de la Garde mlimani mpande kwa basi namba 60. Siku ya mistral kule juu shikeni kofia na mtoto mdogo.

Chakula na hesabu

Wangazija wa Marseille ni makumi ya maelfu, na binamu zenu watawapeleka wenyewe. Soko la Capucins, Noailles, lina muhogo, ndizi za kupika, pilipili na maduka ya nyama halali hatua chache tu. Mkipika kifungua kinywa na mlo mmoja nyumbani, mnabaki na mlo mmoja wa nje. Migahawa hupika saa 6 hadi 8 mchana, kisha jikoni hufungwa hadi saa 1:30 jioni. Familia yenye njaa saa 10 alasiri inaishia kwenye baga za bei mbaya bandarini. Ombeni "carafe d'eau", maji ya bomba ya jagi, ni bure na ni salama. Bouillabaisse ya kweli, supu ya samaki ya mji huu, hugharimu takriban euro 60 hadi 90 kwa mtu na huletwa kwa awamu mbili, mchuzi kwanza, samaki baadaye. Inayouzwa euro 25 kando ya bandari ni mchuzi wa kopo. Watoto wape panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, hasa mkifika L'Estaque.

Kwa Juni nyumba ya vyumba viwili mitaa niliyotaja tengeni euro 110 hadi 170 kwa usiku. Chukulia 140, siku kumi ni 1,400. Chakula 80 kwa siku ni 800. Usafiri wa mjini pamoja na uwanja wa ndege 150. Boti na makumbusho 300. Akiba ya dharura 300. Jumla inazunguka euro 3,000, bila tiketi za ndege, viza na bima. Mkibanwa, punguzeni siku, msipunguze mtaa. Siku nane wilaya ya 7 ni bora kuliko kumi nyuma ya stesheni.

Plagi za Ufaransa ni za matundu mawili ya mviringo, zetu za pini tatu bapa haziingii, bebeni adapta mbili. Namba ya dharura ni 112. Siku ya kurudi fikeni uwanjani saa tatu kabla. Mfumo ule wa mpakani unawasajili mkitoka pia, na ukaguzi wake uko baada ya kukabidhi mizigo.